Maganda ya Viazi kwenye Sinki ya Verna

Kuna jambo moja ambalo watu wa mtaa ule wa mji wa Racine hawajifunzi, ingawa wazee wengi wa pale walikula mkate kwa kuunda visagio vya sinki. Kila mwaka, asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, wanamenya viazi beseni zima, wanasukuma maganda yote kwa mpigo kwenye tundu la sinki, wanafungulia maji, wanabonyeza swichi ya ukutani, kisha wanashangaa. Kile kimashine kilichofungwa chini ya sinki kiliundwa kusaga makombo ya sahani, si mavuno ya shamba. Maganda mengi yakisagika kwa pamoja yanakuwa uji mzito, na uji huo ukishaingia kwenye bomba hauendi mbele wala haurudi nyuma. Mafundi bomba wa mji huo siku hiyo hawapangi safari.

Mwaka ule aliyeyasukuma alikuwa Kristin, mkwe wa Verna Jorgensen, mwanamke mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Alikuwa ameamka alfajiri na mumewe Dale, wakaendesha gari kutoka Madison, akaingia jikoni na kuvaa aproni bila kuulizwa. Hata ukitaka kumlaumu, ulimi unakuwa mzito.

Verna alikuwa sebuleni akipanga visu na uma aliposikia. Hakuhitaji kuambiwa. Miaka kumi na tisa alikaa mwisho wa mstari kiwandani, na kazi yake ilikuwa kusikiliza: kisagio kilichokamilika kinaletwa mbele yake, anakiwasha, anakitegea sikio, kisha anasema kipite au kirudishwe. Alichokisikia sasa kutoka jikoni ni mvumo mzito wa mota inayotaka kuzunguka na kushindwa, halafu tik, halafu kimya. Si maganda peke yake, alijiambia. Kuna kitu kigumu kimebana humo ndani.

"Mama," Dale aliita kutoka jikoni, "mwambie Baba aje. Mgonjwa wake anamwita."

Orrin alikuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni, amevaa shati jipya ambalo Verna alimfungia vifungo asubuhi. Aliposikia hivyo uso ulimng'aa. Alishika mikono ya kiti akasimama, mrefu, mabega bado mapana akiwa na miaka sabini na saba.

"Wameshaua sinki?" aliuliza.

"Wameshaiua," Verna alisema, akacheka ili kuificha hofu.

Hofu hiyo ilikuwa na umri wa miezi mitatu na kitu. Mwezi wa nane Orrin alitoka kwenda kununua maziwa, akapatikana saa nne baadaye kwenye maegesho ya kiwanda kilichofungwa siku nyingi, ameketi ndani ya gari akingoja kengele ya zamu. Daktari alikuwa ameshautaja ugonjwa wake wa kusahau kwa jina mwaka uliotangulia, lakini jina ni jina tu mpaka polisi wakuletee mumeo mlangoni. Wiki ile ile Dale alikuja na picha za makao fulani ya watu wanaosahau. Pazuri, vitanda safi, bustani yenye ukuta. Wanapokea mgonjwa peke yake. Mke anakaribishwa kutembelea.

"Si lazima sasa hivi," Dale alimwambia siku hiyo, kwa upole, maana hakuwa mtoto mbaya. "Lakini siku Baba atakaposhindwa na mambo ya nyumba, Mama, tusisubiri."

Mambo ya nyumba. Verna aliyashika maneno hayo mawili matatu kama yalivyo, neno kwa neno, akaamua kwamba mambo ya nyumba ile hayatashindikana kamwe. Na kwa kweli alikuwa ameshaanza zamani. Tangu mwaka wa kwanza wa usahaulifu, bomba likivuja bafuni, yeye anaamka kabla ya mzee, anashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kuchukua spana, anakaza, anajifuta, anarudi kitandani. Bawaba ya mlango, mkanda wa mashine ya kufulia, tanuri la kupasha nyumba joto lililogoma Januari wakati theluji imefika madirishani. Kisha Jumapili Dale akipiga simu, yeye anasema, "Baba yako jana alikuwa amelala sakafuni na tochi mdomoni, unamjua alivyo." Akimpa Orrin simu, Dale anamshukuru, na Orrin anasema, "Haya, haya, si kitu." Miaka hamsini nyumba ile ilijua fundi mmoja tu, na Verna ndiye aliyekuwa akimshikia tochi. Sasa fundi ni yeye, na sifa zinakwenda kule kule.

Lakini yote hayo aliyafanya bila mtu wa kumtazama. Leo Dale alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kikombe cha kahawa, amejiegemeza, ana siku nzima.

"Nenda kaangalie mechi," Verna alimwambia. "Hapa mtajazana bure."

"Mechi haijaanza. Acha nimwangalie Baba. Sijamwona akifanya kazi muda mrefu."

Ananipima, Verna aliwaza. Hapana, anampima yeye. Vyovyote vile, ulikuwa mtihani, na mwanafunzi wake hakuwa amesoma.

Orrin aliinama juu ya sinki. Maji ya kijivu yalikuwa yamesimama, maganda yakielea. Akabonyeza swichi, kisagio kikanyamaza kimya. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

"Kimejizima chenyewe," alisema. "Kimebanwa, kikapata joto, kikajizima. Nani amekilisha hivi?"

"Mimi, Baba," Kristin alisema. "Viazi ni kilo tano tu."

"Kilo tano. Ulikuwa unamlisha ng'ombe?"

Wote wakacheka, na Verna akapumua. Wakati mwingine ilikuwa hivyo, alfajiri nzima ya akili inarudi, unamwona Orrin yule yule. Unasahau kabisa, halafu unakumbushwa.

"Kwanza umeme," Orrin alisema. "Kabla ya mkono, umeme. Niliwafundisha vijana wote pale kiwandani. Nashuka kuzima breka, ile swichi ya kukata umeme."

"Twende wote," Verna alisema haraka. "Nina kitu huko chini."

Orrin alimtazama mbele ya mwanawe. "Verna, ngazi nazijua."

Basi akabaki. Alisikia hatua zake zikishuka, zikasimama, zikakaa kimya. Kimya kilikuwa kirefu. Kristin aliuliza habari za siagi na Verna akamjibu jambo ambalo hata yeye hakulielewa. Kisha hatua zikapanda, na Orrin akatokea mlangoni akiwa ameshika chupa ya matango ya siki.

"Tayari," alisema.

Dale aliitazama ile chupa. Verna alikuwa ameshavuka jikoni kabla ya swali kutoka.

"Ahsante mpenzi, nilijua hutasahau. Nilikuwa nimemwomba aniletee," alimwambia Dale, akaiweka mezani kama kitu kilichongojwa tangu jana. Uongo mdogo, umetoka mtamu kabisa. Tatizo la uongo wa aina hiyo ni kwamba hauachi nafasi ya swali la pili. Huwezi kusema, haya, na breka je? Alijiambia atashuka mwenyewe baada ya dakika mbili, akisingizia karoti. Kisagio bado kimekwama, hakiwezi kuzunguka. Kuna muda.

Orrin akalala chali, kichwa ndani ya kabati, miguu mirefu ikitanda jikoni kote. Verna akakaa sakafuni kando yake, magoti yakilalamika. Hapo ukaanza ule mchezo ambao wameuzoea wawili hao, ingawa hawajawahi kuuzungumza.

"Nipe ule," Orrin alisema, mkono nje.

"Upi, ule ufunguo uliopinda wa pembe sita? Ule unaoingia katikati ya kitako cha kisagio?"

"Huo huo. Sasa unauliza nini kama unajua."

Akampa. Ufunguo ukatafuta tundu, ukakosa, ukakosa tena. Verna aliinama kama anayetaka kuchungulia, akaielekeza ile mikono kwa kidole kimoja tu. Ukaingia.

"Na sasa unazungusha upande mmoja tu, au unakwenda na kurudi?" aliuliza. "Mimi nasahau kila mara."

"Unakwenda na kurudi," Orrin alisema. "Ukilazimisha upande mmoja, unavunja. Polepole."

Akaenda na kurudi. Pale mlangoni Dale alikuwa ameacha kunywa kahawa. Kitu kilikwaruza ndani ya kisagio, kikakwaruza tena, kisha ufunguo ukazunguka mzima bila kizuizi. Orrin alitoa sauti ya kuridhika, na kwa mkono wake mwenyewe, bila kuonyeshwa, akabonyeza kile kitufe chekundu chini ya mashine, cha kuiamsha tena. Maji kwenye sinki yakanywea kidogo, yakasimama tena.

"Umeona?" Verna alimwambia Dale, na hakuweza kuizuia sauti isijivune.

"Nimeona," Dale alisema.

Wakati huo huo kengele ya oveni ikalia. Bata mzinga alihitaji kumwagiliwa mchuzi wake, na bata wa Shukrani akikauka, familia hukumbuka kwa miaka. Verna akajivuta juu kwa kushika meza, akachukua upawa, akafungua oveni, akawapa mgongo; breka ilikuwa imemtoka akilini. Dakika moja. Pengine haikufika hata dakika.

Orrin alitoka kabatini, akasimama, akakunja mkono wa shati jipya, akauzamisha ndani ya maji ya kijivu, ndani ya tundu, mpaka nusu ya kigasha. "Kuna waya humu," alisema. "Nimeushika." Dale alisogea kuona. Anga la Novemba lilikuwa zito dirishani na jikoni kulikuwa na giza giza, basi Kristin, kwa wema ule ule wa haraka, akasema, "Ngoja niwawashie taa," akanyoosha mkono ukutani penye swichi mbili.

Verna aligeuka. Aliona kidole, akaona ni swichi ipi, akaona mkono wa mumewe uko wapi. Hakupiga kelele, hakuwa na nafasi. Aliupiga mkono wa Kristin kwa upawa, kwa nguvu zake zote, na mchuzi wa moto ukaruka ukutani, kwenye pazia, kwenye aproni.

Kristin aliushika mkono wake, mdomo wazi. Mafuta yaliteremka ukutani taratibu, na oveni wazi ikaendelea kutoa joto nyuma yao.

"Mama," Dale alisema mwishowe. "Hiyo ni swichi ya kisagio." Kisha akamgeukia baba yake. "Baba. Umeme hukuzima?"

Orrin aliutoa mkono wake majini. Kati ya vidole vyake kulikuwa na kile kibano cha waya kinachofunga miguu ya bata anapotoka dukani. Aliutazama mkono wenyewe, mbele na nyuma, kidole kwa kidole.

"Nilizima," alisema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Sijui."

"Ni mimi," Verna alisema. Maneno yalimtoka bila kuitwa, miezi mingi ya mazoezi. "Alizima, ni mimi niliyewasha tena. Nilihitaji mashine ya kukorogea krimu, nikashuka, nikawasha, nikasahau kumwambia. Kosa ni langu. Baba yako alizima, Dale, nilimwona kwa macho yangu."

Na Dale alitaka kuamini. Verna aliliona jambo hilo usoni mwake na nusura apumue tena. Mtoto yeyote, hata wa miaka arobaini na minane, ukimpa mlango wa kumwacha baba yake aendelee kuwa baba, anaupitia.

"Verna," Orrin alisema. "Acha."

"Ni kweli, mimi ndiye—"

"Acha, mke wangu. Hukushuka. Ulikuwa umekaa hapa sakafuni na mimi." Alikiweka kile kibano mezani kwa uangalifu. Alizungumza polepole, kama mtu anayechagua kila neno kwa sababu hajui litakalofuata. "Bomba la bafuni, si mimi niliyelikaza. Lile tanuri la Januari, si mimi. Nakusikia ukishuka alfajiri. Nalala pale natazama dari, najiambia amka mwanaume ukamsaidie mkeo, kisha sijui nitakusaidia nini. Baadaye napewa simu, kijana ananipa shukrani. Nazipokea. Ninaona aibu, lakini nazipokea."

Verna aliweka upawa chini. Alikuwa amejitayarisha kwa mambo mengi, lakini si hilo. Miaka miwili alidhani anawaficha wengine pamoja na Orrin, kumbe Orrin alikuwa ndani ya maficho pamoja naye, amelala macho. Machozi yalimjaa na hakuyafuta.

"Basi umesikia," alimwambia Dale. "Ulisema siku atakaposhindwa na mambo ya nyumba. Ameshindwa. Ameshindwa tangu mwaka juzi. Sasa mchukue, ila ujue unatuchukua wawili, maana mimi kwenye nyumba hii peke yangu sikai. Nitalala kwenye ile bustani yao yenye ukuta."

Dale aliweka kikombe cha kahawa mezani. Alivuta kiti akaketi, akapitisha macho jikoni: kabati ambazo milango yake inafunga sawasawa, bomba lisilodondosha, dirisha lililozibwa vizuri kabla ya baridi.

"Kwa hiyo nani amekuwa akifanya haya yote?" aliuliza, ingawa jibu lilikuwa limesimama mbele yake na mafuta ya bata kwenye mikono.

"Unadhani nani? Paka?"

"Tanuri, Mama? Peke yako?"

"Nilikaa mbele ya mashine miaka kumi na tisa. Ulidhani nilikuwa nasuka?"

Kristin alicheka, akiwa bado ameshika mkono wake uliokuwa mwekundu, na Verna akamsogelea, akaufungulia maji ya baridi kwenye beseni dogo, akauosha. "Nisamehe, binti yangu," alisema. Kristin alitikisa kichwa tu. Alikuwa analia pia.

"Nilikuwa nauliza kuhusu Baba," Dale alisema, anazungumza na meza. "Kila Jumapili. Baba anaweza hiki, Baba anaweza kile. Miaka miwili nyumba imesimama na sijauliza hata mara moja imesimama juu ya nani." Akainua macho. "Lakini ile dakika moja, Mama. Ulipogeuka."

Hapo ndipo Verna angeweza kusema neno la ushujaa, na aliyatafuta maneno yenyewe, akayakuta yamekwisha. Aliyoyapata yalikuwa mengine, na alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

"Hiyo siiwezi," alisema. "Bomba naweza, tanuri naweza. Kutogeuka hata dakika moja siwezi, Dale. Nimechoka. Naoga mlango wazi nimsikie. Simtaki kule ulikosema, lakini peke yangu siiwezi tena."

Dale alisimama, akavua saa yake ya mkononi, akakunja mikono ya shati.

"Tutakaa tuongee," alisema. "Sisi wanne, Baba akiwemo. Jumamosi zangu ni zako kuanzia wiki hii, mengine tutayapanga. Sasa niambie nianzie wapi na hii sinki."

"Baba yako ameshautoa waya. Bado bomba la chini, limejaa uji wa viazi. Ndoo iko pale. Lakini kwanza umeme."

"Sawa." Akapiga hatua mbili kuelekea ngazi, akasimama. Masikio yalianza kumwiva kwa aibu. "Mama, sanduku la breka liko wapi?"

Verna alimtazama. Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ile, aliyekuja na picha za makao na orodha ya maswali, na hajui umeme wa nyumba yao unazimwa wapi. Angeweza kusema mengi. Kabla hajasema lolote, Orrin alikuwa ameshamshika mwanawe kiwiko.

"Njoo nikuonyeshe," alisema. "Mimi naweza kusahau nilichokwenda kufanya huko. Pale penyewe sijapasahau. Wewe utakumbuka cha kufanya."

Wakashuka pamoja, taratibu, mmoja akiijua njia na mwingine akiijua kazi. Kristin alikwenda kutafuta bandeji. Verna akafunga oveni. Kutoka chini alisikia Orrin akisema, "Hapana, hiyo ni ya friji, soma, niliandika mwenyewe," na Dale akicheka, halafu sauti ya breka ikishuka.

"Mama, imezima?" Dale aliita.

Verna alinyoosha mkono ukutani, akabonyeza ile swichi ya kisagio. Kimya.

"Imezima," alijibu.

Kisha, kwa kuwa kulikuwa na mtu mwingine wa kumwangalia Orrin, akaketi pale pale sakafuni, akaegemea kabati, akafumba macho.